Kopo la Inga

Sheria inataka kila nyumba iwe na ukuta unaoonyesha maisha ya pacha wake wa ng'ambo, ili watu wajilinganishe na kukaza buti. Pacha wetu hapa Mpwapwa ni Inga wa Norwe, ambaye kila siku anakula samaki na keki pamoja na wanawe. Naye anatuona sisi ukutani kwake.

Jana Inga alituletea kopo kwa posta. Ndani mlikuwa na nusu mkate, mkavu, na barua: "Mwamvita, pole kwa kufiwa na Siwema. Tungekuwa na zaidi tungewatumia."

Siwema mwanangu alikuwa jikoni, anamenya viazi huku anaimba.

Ukutani, Inga alikuwa anakata keki nyingine. Sikuiamini tena ile keki.

Mimi sikulelewa kurudisha kopo la mtu likiwa tupu. Nikalijaza karanga, na chini kabisa nikaficha picha ya Siwema.

Karani wa posta alizimwaga karanga zote mezani, akaiokota picha, akaitazama sana. Hakuuliza kwa nini nimeificha. Alifungua daftari la serikali la mambo ya kuta, akaniuliza kwa upole:

"Mama, huyu mtoto bado mnaishi naye?"