Fimbo za Baba Mirriam

Naftaly aliusukuma mkoba wa gofu nje ya mlango kwa mguu. Fimbo zikagongana kwa kelele, na majirani wa Shauri Moyo wakachungulia madirishani.

"Hizo takataka haziingii kwangu," alisema.

Tobias aliinama, akaziokota moja moja. Alikuwa muuza mitumba wa Gikomba, na fimbo zile zilitokea kwenye mzigo wa mabegi. Alikuwa amemletea Mirriam, binti wa Naftaly, azitumie bure kwenye majaribio ya gofu, kisha amrudishie.

"Baba Mirriam, si uziangalie kwanza? Hizi ni za kisasa. Kichwa kipana, mgongo umechimbwa. Hata mtu akigonga vibaya, mpira bado unaenda. Zile zako za zamani zinataka bingwa."

"Unanifundisha gofu, mimi?"

Tobias akaufunga mkoba. Mtaa mzima ulijua kwamba Naftaly, kabla ya kuwa fundi wa mageti, alikuwa kedi, akiwabebea matajiri mikoba yao uwanjani. Mmoja wao ndiye aliyemwachia zile fimbo nyembamba za chuma alipokuwa akihama nchi.

Kutoka chumbani ilisikika sauti ya mkewe, Everline, maneno yakijiburuta. "Asante, Tobias mwanangu. Lakini mwachie baba yake. Yeye ndiye anajua."

Everline alikuwa kitandani tangu kiharusi kimpooze upande wa kushoto. Mirriam ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Kila asubuhi mama huyo alimshika binti yake kwa ule mkono uliobaki na nguvu, akaomba kwa sauti: "Mungu, mfungulie mtoto wangu njia." Kwa majaribio hayo, wafadhili walikuwa wanatafuta msichana mmoja wa mitaa ya Eastlands wampeleke ng'ambo, asome na kufunzwa gofu.

Mirriam alifanyia mazoezi kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba. Mpira ulipokutana na katikati kabisa ya kile chuma chembamba, ulipaa ukapotelea juu, naye akacheka peke yake. Lakini akikosea kidogo tu, ulitambaa chini, na mtetemo ukampanda hadi kwenye kiwiko kama ameshika waya wa stima. Viganja vilichubuka. Baadaye vikapasuka.

"Baba, pengine nijaribu zile za Tobias?"

"Zile zinadekeza mtu. Chuma cha zamani kinakuambia ukweli. Ukikiweza hiki, hakuna atakayekushinda."

Alimwamini. Akafunga viganja kwa kitambaa, akaendelea. Jioni mama yake alimuuliza kama mikono ilikuwa inauma, naye akasema inauma kidogo tu. Everline akafumba macho.

Siku ya majaribio Naftaly hakufungua karakana. Alimsindikiza binti yake hadi uwanjani, akasimama nyuma ya kamba pamoja na wazazi wengine.

Mpira wa kwanza wa Mirriam ulikwenda vizuri hivi kwamba kocha, mwanamke aliyeitwa Sirad, alisogea karibu kumtazama. Wa pili ukatambaa kwenye nyasi. Uliofuata pia. Mmoja ukaruka upande, karibu uwapate watu.

Sirad akaichukua ile fimbo, akaigeuza mkononi.

"Nani amekupa hizi?"

"Baba yangu."

"Mkono wako ni mzuri, mdogo wangu. Lakini hizi si za mtu anayejifunza. Siku hizi hata wazoefu wengi wameziacha." Akachomoa fimbo kwenye mkoba wake mwenyewe. "Shika zangu uanze upya. Nimekuruhusu."

Mirriam alinyoosha mkono. Kisha akageuka, akamtafuta baba yake kule kwenye kamba.

Naftaly alitikisa kichwa.

"Asante, kocha," Mirriam alisema, akaurudisha mkono. "Nitatumia zangu."

Akachaguliwa Lorraine, msichana wa Baba Dogo aliyeanza kucheza juzijuzi tu, na aliyekuja na fimbo za kuazima, zenye vichwa vipana. Alikosea mara nyingi kuliko Mirriam. Mipira yake ilifika tu.

Baba na binti walirudi kwa miguu. Walipofika mlangoni, Mirriam alimshika baba yake bega.

"Usijilaumu, baba. Fimbo hazina makosa. Ni mimi sikuziweza."

Naftaly alitazama chini. Mirriam aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akalia, kichwa kifuani mwa mama yake. Everline alimpapasa nywele, akimbembeleza kwa Kiluhya kama alivyofanya alipokuwa mdogo, mpaka akatulia. Kisha Mirriam akajifuta uso, akachukua ndoo, akatoka kwenda kuchota maji ya kumwogeshea.

Everline alizisikiliza nyayo zake hadi zikapotea uani.

"Kocha hakumpa fimbo nyingine?" aliuliza.

"Alimpa," Naftaly alisema. "Akaniangalia mimi kwanza."

Everline alishusha pumzi, akalaza shingo kwenye mto.

"Ulikuwa unaogopa bure kwamba watamchukua. Si nilikuambia zile za zamani zingemshinda tu? Akirudi, mwambie anigeuze upande wa ukutani."