Mwaridi wa Bi Shemsa

Bi Shemsa aliipita miche yote ya Mwajabu iliyopangwa kwenye makopo kando ya barabara, akasimama mbele ya mwaridi mmoja.

"Mweupe, ukingo mwekundu," alisema taratibu. "Marehemu mume wangu alinipandia kama huu, mwanangu. Ule wangu umekauka mwaka huu."

Mwajabu alijidai kumwagilia kopo lililokwisha kulowa. Nyumba zao zilipakana. Kila Bi Shemsa alipokwenda kliniki, Mwajabu alipitisha mkono kwenye uzio na kukata tawi la mwaridi wake, na kwa matawi hayo akaanzisha biashara yake ya miche. Angeomba, angepewa. Aliona haya kuomba. Hata tawi la mwisho alilikata yeye.

"Uliutoa wapi?"

"Kwa... kwa mtu mmoja, bibi." Akamkabidhi kopo kwa mikono miwili. "Chukua tu. Sitaki pesa."

Bi Shemsa alilikumbatia kopo.

"Basi mshukuru huyo mtu. Mwambie asumini yangu nayo imechanua. Akija kukata, apitie mlangoni."

Akaenda zake polepole. Mwajabu alibaki ameinamisha keni ya kumwagilia, maji yakimmwagikia miguuni.