Picha 1,206

"Nikibonyeza 'Chagua folda', programu inajifunga yenyewe," mteja namba 4417 aliandika. "Nina picha 1,206. Nataka ziingie zote kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya Ijumaa. Simu si yangu, naiacha."

Fundi aliyeitengeneza programu akakuna kichwa. Karibu kila simu huja na lile dirisha la kuchagulia folda. Yeye aliwahi kuling'oa makusudi kwenye simu za majaribio pale ofisini, aone programu itafanyaje. Kisha kazi zikamwingilia, akasahau kulirudisha.

Bosi akachungulia. "Mtu mmoja tu? Achana naye."

"Amekwama, bosi. Ana haraka."

Ndivyo alivyokuwa bwana huyu. Shida za wageni alizibeba kama zake. Mengine yote, huu mwaka wa pili sasa, aliyapitia kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi.

Jioni mkewe akasimama mlangoni. "Una dakika moja?"

"Kesho, mke wangu. Kuna mteja ananisubiri."

"Haya."

Ilimchukua siku tatu. Simu ikikosa dirisha, programu isife. Itoe orodha yake yenyewe, simu au kadi, mtu achague. Hata maneno ya mwisho kwenye kioo aliyapima moja moja, mteja asije akaingiwa na wasiwasi.

Alhamisi mchana akamwandikia: "Jaribu sasa."

Jibu halikuchelewa. "Imekubali! Ahsante, fundi. Wewe unasikiliza. Hapa nyumbani nimeomba mpaka nimechoka."

Fundi akachekea puani. Huyo mtu wa nyumbani kwake naye, mtu gani jamani! Akaisoma meseji tena. Kisha akafunga kompyuta.

Ijumaa alirudi mapema. Alimwita mkewe mara mbili, kimya. Jiko lilikuwa limepoa. Kabatini, upande wa mkewe, zilibaki hanga tupu.

Mezani ilikuwepo simu kuukuu ya majaribio kutoka ofisini, ile aliyomletea mkewe siku simu yake ilipotumbukia kwenye ndoo ya maji. Kitundu cha kadi kilikuwa wazi. Alipoigusa, kioo kiliwaka, na maneno aliyatambua, kwa kuwa aliyatunga mwenyewe:

"Picha zako 1,206 ziko salama. Sasa unaweza kutoa kadi."