Mkalimani wa Dakika Tano

Peninah, mfanya usafi wa shule moja ya Mirdif, Dubai, aliitwa ofisini kutafsiri akiwa bado amevaa glavu za mpira. Hakuna mtu mzima mwingine shuleni aliyejua Kiswahili.

Mkaguzi wa elimu alikuwa amefungua faili la shule. Humo iliandikwa kwamba watoto wasiojua Kiingereza wana mwalimu wao kila siku.

"Muulize mtoto huyu anafundishwa nini," alisema.

Mkuu wa shule alisimama mlangoni, akitabasamu. Viza ya kazi ya Peninah ilikuwa mikononi mwake; neno lake moja tu, naye angerudishwa kwao.

Peninah alichuchumaa mbele ya mtoto, msichana wa miaka saba kutoka Tanga, akamuuliza. Mtoto alikishika kidole cha glavu yake, akakibana.

"Sifundishwi, shangazi. Nakaa tu. Tangu tuje sijaongea na mtu humu."

"Anasemaje?" mkaguzi aliuliza.

Peninah alihisi kile kidole kikizidi kubanwa.

"Anasema hafundishwi, madam. Anakaa tu, na hana wa kuongea naye."

Mkaguzi alianza kuandika. Mkuu wa shule aliacha kutabasamu, akatoka na simu sikioni.

"Shangazi," mtoto alinong'ona, "na kesho utakuja?"