Diski au Kadi

Diski ilipokufa, Mama Chapa alifurahi.

Ilianza kukwaruza asubuhi, ikagonga mara chache kama mtu anayebisha hodi bila matumaini, kisha kioo kikawa cheusi. Karata alizokuwa akicheza zikapotea naye akiwa karibu kushinda. Hakujali. Alibadili nguo, akajipaka mafuta, akachomoa nyaya, akaipakia kompyuta kwenye kigari chake cha sokoni na kushika njia ya kwa fundi.

Ilikuwa kompyuta ya zamani, kubwa kama begi la safari, iliyokuwa nyeupe ikageuka njano. Mumewe aliinunua watoto wakiwa bado shuleni. Sasa mume yuko kaburini, watoto wako mbali, na nyumba nzima imebaki ya mtu mmoja na mashine moja. Mama Chapa alikuwa karani wa mahakama, alichapa hukumu za watu mpaka hilo jina likamganda. Tangu astaafu hakuna aliyemhitaji achape chochote. Binti yake alimpigia simu kila Jumapili.

“Mama, nikutumie laptopu mpya?”

“Ya nini? Hii bado inanitosha.”

Simu ilikatika, na Jumapili ikaendelea kuwa ndefu.

Fundi alikuwa mwanamume wa rika lake, mgane, mpole, mwenye chumba kimoja kilichojaa mashine za watu mpaka karibu na dari. Alikuwa na sharti moja, na alilisema siku ya kwanza: kwa mashine za zamani, mteja haondoki mpaka aione ikiwaka mbele ya macho yake. Vinginevyo kesi haziishi. Karani wa mahakama angebisha nini hapo?

Siku ile Mama Chapa alinuna. Diski za mtumba, zilizotolewa kwenye mashine zilizokufa, lazima zikaguliwe kipande kwa kipande kabla ya kuaminiwa, na ukaguzi humla mtu mchana kutwa. Lakini fundi alichemsha chai. Wakazungumza kuhusu magoti, bei ya vitu, watoto wasiopiga simu na wale wanaopiga kwa haraka. Jua lilipoinama mashine ikawaka, naye akaona imewaka mapema mno.

Diski kuukuu hazina maisha marefu. Kila baada ya miezi kadhaa moja ilikufa, naye akarudi. Hakuwahi kumkuta mteja mwingine akisubiri. Alimwonea fundi huruma kwamba biashara imedorora, ingawa kwenye rafu zake hapakuwa na pa kutia hata sindano.

Leo fundi hakuchemsha chai. Aliweka vitu viwili mezani: diski ya mtumba, nzito kama tofali dogo, na memori kadi iliyochomekwa kwenye kibao chake cha kuunganishia.

“Dada, leo nitasema kweli,” alisema bila kumtazama. “Hizi za kuzunguka nakuwekea, zinakufa, unarudi. Si haki. Kadi haina kinachozunguka, haina kelele, haichoki. Hii itatuzika sisi sote.”

“Kuiweka inachukua muda gani?”

“Hata maji hayajachemka.”

“Na ikishawekwa?”

“Huna haja ya kuja tena.”

Mama Chapa aliitazama ile kadi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe lake leo lilikuwa dogo la kuenea kiganjani. Amenichoka, aliwaza. Kumbe muda wote huu alikuwa akimbana mtu kazini kwake, akimmalizia sukari, akimsimulia habari za magoti. Alitamani kusema diski. Neno lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Lakini mwenye nyumba akianza kufagia, mgeni mwenye haya huaga.

“Weka kadi,” alisema.

Fundi alichukua bisibisi, akairudisha mezani. “Una hakika?”

“Si umesema ndiyo bora?”

“Ndiyo bora.”

“Basi.”

Mashine iliwaka haraka, bila kelele. Fundi alimsaidia kuvusha kigari kwenye kizingiti. “Karibu tena,” alisema kwa mazoea, kisha akakumbuka, akageuka kumpokea dereva wa teksi aliyekuwa akiingia amekumbatia kompyuta kuukuu kuliko ya Mama Chapa.

Mama Chapa alifika kwenye kona ndipo akagundua ameacha miwani. Nusura aiache huko huko. Nyumbani kulikuwa na karata tu, na karata angeziona hata kwa kukodoa. Mwishowe alirudi, polepole, kwa aibu. Yule dereva wa teksi bado alikuwa ndani. Mlango ulikuwa wazi nusu. Mama Chapa alisimama nje awaache wamalizane. Hakutaka kuonekana amerudi kujipendekeza.

“Diski imekufa, mzee,” dereva alikuwa akisema. “Niwekee hizo hizo za mtumba. Nasikia zinachukua mchana kutwa, sasa sijui nikae wapi mpaka iwake.”

“Ukae ufanye nini?” fundi alijibu, kwa sauti ya mtu ambaye siku yake imeharibika. “Iache hapo, nitakupigia. Tangu nifungue hapa, wateja wote huacha mashine wakaenda zao.”

Mama Chapa alisukuma mlango, akapenyeza kigari chake kando ya dereva, akaitua kompyuta mezani.

“Fundi,” alisema, “nitolee hiyo kadi. Niwekee diski. Sina haraka.”