Chaneli ya Sita

Bwana harusi alikuwa ameshashika maikrofoni kumshukuru mama yake. Masikio ya mama yalikuwa mazito, na spika ambayo binti yake, fundi wa sauti, alimwekea kando ya kiti ilikuwa kimya.

"Si nilisema tutafute fundi mwanamume?" mjomba akanong'ona.

Fundi alipiga magoti mbele ya amplifaya, akazungusha kitufe taratibu mpaka chaneli ya sita, ile ya spika ya mama, ikatokea kwenye kioo. Ilikuwa imewekwa ipokee muziki tu. Akaichagulia maikrofoni, akapandisha sauti.

"Mama, unanisikia?" bwana harusi aliuliza.

Mama akasimama wima, akamgeukia fundi, mikono juu.

"Neno kwa neno! Hongera, binti yangu!"