Napenda Kujua

Uvumi ulimganda Chausiku akilini kama kupe. Watu walisema kile kisikio cha ukutani, kinachoandika nani anapenda jua na nani mvua ili kila mtu ahamishiwe kwenye hali ya hewa yake, hakisikii vizuri.

Jumanne bintiye Sikudhani, wa miaka saba, alimuuliza kwa nini kuta zao zinaota ukungu.

"Wewe nawe, maswali hayakuishi."

"Mama, mimi napenda kujua."

Asubuhi karani akaja na barua. Mtoto anapenda jua, anapelekwa jangwani. Mama aliwahi kusifu mvua, anabaki.

"Alisema kujua, ndugu karani. Kufahamu."

"Mpenda matope wewe, usinifundishe Kiswahili. Mvishe viatu."

Jirani akachekea dirishani. "Si ndiye msomi wetu huyo?"

Chausiku akamvisha.

Basi wenye watoto, jihadharini:

Mtoto asiseme kujua, aseme kufahamu.

Msisifu mvua, hata mahindi yakikauka.

Msibishane na karani mbele ya jirani.

Mtoto akiuliza atarudi lini, msimjibu "sijui". Chausiku alijibu hivyo, kisikio kikaandika kwamba hataki jua, na sasa haruhusiwi kumfuata.